Tuketi Mkekani na Wazee Wetu

Ni ada iliyokwisha kuzoeleka katika vyama vya wanafunzi kuwazuru wazee mara moja kwa mwaka. Hubebwa unga, sukari na sabuni, hutolewa hotuba, hupigwa picha, kisha wageni hurejea walikotoka. Sisemi kwamba sadaka hizo hazina faida. Nisemalo ni kwamba ziara ya namna hii humfanya mzee kuwa mtu wa kupokea tu, ilhali yeye ndiye mwenye kitu ambacho sisi tunaosoma Kiswahili hatunacho.

Chukua mfano wa Mtongwe, kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Wazee walio wengi huko hulelewa majumbani, si katika makao maalumu. Aghalabu watoto wamekwisha kuvuka maji tangu alfajiri kutafuta riziki, na mzee hushinda pekee. Mpe bibi aliyezoea kusuka ukindu, nawe utaona vidole vyake vikijua la kufanya hata kama macho yameingia ukungu. Atachana, atasuka, atakutofautishia ukili wa mkeka na shupatu la kuwambia kitanda, na atakukemea ukilegeza mkono. Babu aliyekuwa mvuvi atakufanyia vivyo hivyo kwa dema. Maneno haya yamo kamusini, naam, lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuushika ukili wenyewe?

Lipo jambo zito zaidi. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa maji. Wapo wazee waliozika watoto wao siku zile. Mtafiti mwenye kinasasauti akiwakabili kwa maswali, huenda asipate ila kimya, na kimya hicho ni haki yao. Kazi ya mikono haimlazimishi mtu kusema wala haimzuii. Macho yako kwenye chane, hayako usoni pa mwenzake. Neno likija, huja kwa hiari yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inataja haki za wazee kwa mpango ambao yafaa tuutazame: kwanza kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, pili kujiendeleza, tatu kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na nne kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Sisi tumeanzia la nne, na hapo hapo tukakomea. Shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi zitanunua unga. Hazimnunulii mzee mtu wa kuketi naye.

Watakuwapo watakaodai kwamba mikeka ya plastiki imekwisha kuteka soko. Na iteke! Hatuendi huko kufanya biashara, na mkeka utakaokamilika ni mali ya mzee, autumie au auuze apendavyo, usije ukaning'inizwa katika ofisi ya chama.

Basi ziara ijayo isiwe ya basi zima. Waende wanafunzi watatu kwa kila nyumba, asubuhi moja kila wiki kwa muhula mzima, pasi na hotuba. Asubuhi ya kwanza wasitarajie kusuka chochote. Watakuwa wanachana tu, hadi bibi aridhike na chane zao.