Ujumbe Ukichelewa, Usilaumu Mnara Peke Yake

Hapa Isiolo, maziwa ya ngamia hupakiwa kwenye basi kwenda Eastleigh, Nairobi, na malipo yake hurudi kwa simu. Mama anayeuza hawezi kuwalipa wafugaji mpaka ujumbe uingie. Ukichelewa, sote tuna jibu moja: "Ni mtandao." Sisi tunaona jibu hilo limekuwa rahisi mno.

Tuseme ukweli. Wakati mwingine mnara uko sawa kabisa, foleni iko kwenye diski za seva. Kabla hujaambiwa "umepokea", mfumo lazima uandike muamala wako kwenye diski, ili stima ikipotea pesa yako isipotee nayo. Hatua hiyo hairukwi.

Sasa, diski ya kizamani ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 tu kwa sekunde. Kazi zikitawanyika huku na kule, inamaliza kama mia hivi kwa sekunde, hata iwe kubwa namna gani. Diski ya SSD haina kinachozunguka; hiyo hufanya maelfu.

Mpangilio pia una maana. Fikiria wakala mwenye daftari moja la kuandika miamala, kuangalia salio na kupiga hesabu za mwezi. Kila mtu atangoja kalamu! Ndiyo maana miamala mipya inafaa kuwa na diski zake, akaunti ziwe na zake, na ripoti zitolewe kwenye nakala iliyo kando. Na kila diski iwe na pacha wake, mmoja akifa mwingine aendelee. Upo mpangilio wa bei nafuu, RAID 5, unaookoa nafasi. Lakini humo andiko moja dogo huzaa kazi nne: kusoma mara mbili na kuandika mara mbili. Kwa kuhifadhi picha, sawa. Kwa pesa za watu, sisi tunasema hapana.

Mwaka 2015 seva za M-Pesa zilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Safari ya muamala ikawa fupi. Ila ukaribu pekee hautoshi, kwa kampuni yoyote ile, kama diski zimepangwa kwa siku ya kawaida. Zipangwe kwa dakika yenye kazi nyingi kuliko zote: jioni ya mwisho wa mwezi, au mkesha wa Idd. Ni gharama, ndiyo, na siku nyingi mitambo itaonekana kukaa bure. Lakini ile siku moja ya msongamano ndiyo mteja huikumbuka.

Nawe mteja, ujumbe ukikawia usitume tena haraka. Angalia salio na taarifa ya akaunti kwanza. Huenda muamala wa kwanza haujapotea, bado uko kwenye foleni, na ukirudia utalipa mara mbili. Kisha tupigie utuulize kilichochelewesha. Tukikujibu "ni mtandao" tu, usikubali haraka.