Kufika hospitalini pekee hakumwokoi mama mzazi

RAIS Uhuru Kenyatta alipotangaza mnamo Juni 1, 2013, kwamba akina mama wangejifungua bila malipo katika hospitali za umma, wengi waliamini kuwa kizuizi kikubwa baina ya mja mzito na usalama wake kilikuwa kimeondolewa.

Mwaka huo huo, mwanamke mmoja aliyekwenda kujifungua katika hospitali ya umma mjini Bungoma alilazimika kujigharimia dawa, na hatimaye akajifungulia sakafuni. Mnamo Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zake zilikiukwa, akaamuru alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Serikali kuu na ile ya kaunti zote zililaumiwa kwa kutotenga rasilimali za kutosha kwa huduma hizo.

Kisa hicho kinafichua kasoro iliyopo hadi leo: tumejitahidi kumleta mama hospitalini, ila hatujajitahidi vivyo hivyo kuhakikisha kwamba anayoyakuta humo yanaweza kumwokoa.

Takwimu zinathibitisha hayo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09 ulionyesha kuwa asilimia 43 pekee ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2022, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 82. Hayo ni mafanikio ambayo hakuna mwenye insafu atakayeyapuuza.

Hata hivyo, vifo vya akina mama havikupungua kwa kasi hiyo. Utafiti wa 2014 ulikadiria vifo 362 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, nayo sensa ya 2019 ikakadiria 355. Ingawa hesabu hizo mbili hazikufanywa kwa mbinu moja, zote ziko mbali mno na lengo la kimataifa la kupunguza vifo hivyo hadi chini ya 70 ifikapo 2030.

Mbona basi mama afike kwa daktari na bado afe? Uchunguzi wa siri wa vifo vya wazazi, ambao ripoti yake ilitolewa rasmi mapema 2018, ulipitia faili za wanawake 484 waliofia hospitalini mwaka wa 2014. Zaidi ya tisa kati ya kila 10 walikuwa wamepokea huduma duni, ambayo lau ingekuwa bora ingaliweza kubadilisha matokeo. Muuaji mkuu alikuwa kuvuja damu.

Mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa chache tu. Dawa ya kwanza ya kumkinga na kumtibu ni oksitosini, ambayo husaidia mji wa mimba kujikaza. Dawa hii haina ghali, lakini sharti ihifadhiwe katika nyuzijoto 2 hadi 8. Katika zahanati ambako umeme hupotea siku nzima, au ambako jokofu liliharibika na halijatengenezwa, dawa hupungua nguvu bila kubadilika sura. Muuguzi humdunga mgonjwa akiamini amemtibu, kumbe sindano ile haikuwa tofauti sana na maji.

Njia mbadala ipo. Kabetosini isiyoharibiwa na joto ilijaribiwa miongoni mwa wanawake karibu 30,000 katika mataifa 10, Kenya ikiwemo, na mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiweka katika orodha ya dawa muhimu. Hii ni dawa ya kukinga. Damu ikishaanza kuvuja, kuna asidi ya traneksamiki, ambayo hufaa ikitolewa ndani ya saa tatu.

Lakini dawa nzuri isiyotolewa kwa wakati ni sawa na kutokuwa na dawa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Mei 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulibaini kuwa pale wahudumu walipokadiria damu kwa macho kama ilivyo ada, karibu nusu ya visa vya kuvuja damu kupita kiasi havikugunduliwa.

Walipotumia mfuko wa plastiki wenye vipimo, ambao huwekwa chini ya mzazi ili kukusanya damu, na kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya kujaribu moja baada ya jingine, visa vya hatari vilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki!

Si haki kumtwika muuguzi lawama zote. Anayehudumia wadi nzima peke yake usiku, bila damu katika benki na bila ambulansi yenye mafuta, hawezi kutenda miujiza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kwa aliye ofisini kumlaumu aliye zamu.

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ianze kazi Oktoba 2024, mjadala umetawaliwa na usajili na malipo. Masuala hayo ni muhimu, maadamu hospitali isiyolipwa haiwezi kununua dawa. Ila magavana na Wizara ya Afya wanapaswa pia kuulizwa maswali mengine: Ni majokofu mangapi ya wadi za kujifungulia yanayofanya kazi? Dawa hununuliwa kwa kuzingatia ubora, au bei pekee? Kila kifo cha mzazi huchunguzwa, na mapendekezo yakatekelezwa?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Katiba haikusema haki hiyo hukoma kwenye lango la hospitali.