Shingo za Guangzhou

Februari 2022 ilifunguliwa Kibaha Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vilivyopigania ukombozi kusini mwa Afrika, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Kila ninapotoka nyumbani Kisarawe kwenda Kibaha najiuliza kama humo ndani wanafundishwa Guangzhou. Ushindi wa 1949 sote tunaujua. Mimi naulizia kushindwa kwa 1927.

Alfajiri ya Desemba 11 mwaka huo wafanyakazi na askari walioasi waliuteka mji wa Guangzhou. Moscow ilikuwa na hamu ya ushindi, na mjumbe wa Komintern, Heinz Neumann, alikuwa hapo hapo akihimiza. Wakazi wengi hawakuitikia. Usiku huo huo Ye Ting, kamanda wa kijeshi, alishauri warudi nyuma kabla hawajazingirwa. Neumann akamwona mwoga. Kesho yake kiongozi wao, Zhang Tailei, aliuawa, na haikupita siku tatu mji ukatwaliwa tena. Waasi walikuwa wamejifunga vitambaa vyekundu shingoni. Walivitupa, lakini rangi ilikuwa imechujia kwenye ngozi, basi wanajeshi wakawa wanakagua shingo. Waliuawa maelfu.

Na lawama? Akabebeshwa Ye Ting!

Darasani kwetu, shahada ya uzamili hii, mauaji hayo yanaitwa "hali ilikuwa haijaiva". Neno hilo linanichefua. Watu si maembe. Anayelitumia anafuta swali la nani alipanga tarehe, na nani alionya asisikilizwe. Najua nitajibiwa kwamba bila kuthubutu hakuna mapinduzi. Sawa, lakini mthubutu athubutu kwa shingo yake.

Nataka siku tatu hizo zifundishwe Kibaha, kwa marefu, kabla ya somo lolote la ushindi.

Babu yangu hakuwahi kuisikia Guangzhou. Alichokijua ni tarehe iliyopangwa na watu wasiolijua shamba lake: agizo la 1973, kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia kijijini. Alisema mikorosho itakuwa mbali, itamezwa na pori. Akaambiwa anarudisha wenzake nyuma. Akahama. Kwenda kuipalilia ikawa nusu siku kwa miguu, na mwaka wa tatu akaacha kwenda.