Bei ya Kicheko

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mwanza husimama Singida, na abiria huteremka kununua kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Mwuzaji hutaja bei yake. Abiria huomba apunguziwe, kisha hulipa. Hakuna athubutuye kumwambia Mnyaturu yule kwamba sifa za kuku wa Singida zatosha kuwa malipo yake. Lakini abiria hao hao, tangu asubuhi, wamekuwa wakimcheka Mzee Majuto katika runinga ya basi, wala swali la nani aliyemlipa mzee huyo halikumjia hata mmoja wao.

Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alipanda jukwaani akali mtoto, akachekesha mpaka uzeeni, kwanza mbele ya watu waliokaa na kumtazama, kisha katika mikanda ya video na filamu. Silaha yake ilikuwa lafudhi ya Tanga na uso wa mzee aliyeudhiwa bila sababu. Kuiga uso ule wengi wamejaribu!

Wanaotetea desturi ya kumlipa mwigizaji mara moja, tena kidogo, husema kwamba alitia sahihi kwa hiari yake. Hoja hii ni dhaifu. Mtu asiyeelezwa kazi yake itanakiliwa mara ngapi, wala itaonyeshwa wapi, ameridhia nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikwisha kumtambua mwigizaji kuwa ni mwenye haki katika kazi yake. Hata hivyo ilibidi Majuto awe mgonjwa kitandani, mwaka 2018, ndipo wizara iliyosimamia sanaa ikaagiza mikataba ya wasanii ipitiwe, ya kwake ikiwamo. Miaka kumi na tisa sheria ilikuwapo! Alipelekwa India kutibiwa, akarudi, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018.

Wapo tena wasemao, na hao ni wabaya zaidi, kwamba mchekeshaji hafanyi kazi bali hufanya mzaha, na mzaha hauna bei. Hao wamesahau mila za kwao. Misafara ya Wanyamwezi iliyokwenda pwani na kurudi ilipita Kilimatinde, kusini mwa nchi hii ya Singida, na katika njia zile utani wa makabila ulistawi. Mtani aliyewachekesha wafiwa matangani hakuondoka mikono mitupu. Alichukua chake, pengine kwa nguvu, na mwenye msiba hakuona aibu wala hasara, maana alijua kwamba kazi imefanyika. Wazee wasiojua kusoma mkataba walilijua jambo ambalo wafanya biashara wa filamu, wenye mawakili, hujifanya hawalijui.

Tena lawama isiwaangukie wafanya biashara peke yao. Mwenye basi hulipia dizeli kila safari, na tairi likipasuka hununua jingine. Filamu aliyoipata kwa bei ya soda, au aliyoinakili bure, humburudishia abiria mwaka mzima. Na alipe kwa kila safari, kama alipavyo dizeli, na fedha hizo ziwafikie warithi wa Tanga.