Baiskeli za porini: Mtwara isingoje kiangazi

Tangu Ndanda FC ishuke Ligi Kuu mwaka 2020, shabiki wa Mtwara amekuwa mtu wa kutazama mpira kwenye mabanda. Wana Kuchele wana haki ya kuidai timu yao irudi, na tuko nao. Ila leo tunaomba dakika chache tuongelee baiskeli. Msitununie.

Mbio za baiskeli za milimani zimo kwenye Olimpiki tangu Atlanta 1996. Watu wanazunguka porini, kupanda na kushuka, juu ya mizizi, mawe na matope, kwa karibu saa moja na nusu. Yaani mechi nzima bila mapumziko. Na mvua ya kawaida haiahirishi kitu.

Sasa mtazame kijana wa Kitangari au Mahurunga mwezi wa pili. Gunia liko kwenye keria, madumu yananing'inia pembeni, njia ni ya mguu kati ya mikorosho na maji yanatiririka katikati yake. Anajua wapi ashuke asukume, wapi akanyage asisimame. Anajua pia jambo ambalo wengi wa Dar hawalijui: kule Msimbati mvua ni rafiki. Kiangazi mchanga unameza tairi. Ukilowa unashikana, baiskeli inapita. Taabu iko kwenye miteremko ya kutoka Newala, ambako udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni na breki inabaki pambo.

Kijana huyo anafanya mazoezi kila siku, tena na mzigo. Hajawahi kupewa namba ya mgongoni.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa Wazungu wenye pesa. Tunakataa. Chris Froome, bingwa wa Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na akafundishwa baiskeli za milimani na David Kinjah, huko Kikuyu. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour ya 2024 na kuondoka na jezi ya kijani. Mwaka 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya barabarani, mara ya kwanza kufika Afrika. Hata hapa kwetu, Kanda ya Ziwa mbio za baiskeli zinajaza watu. Kusini, je?

Tunachodai si kikubwa. Chama cha baiskeli na maofisa michezo wa mkoa wachore mzunguko mmoja wa kilomita tano hivi, mbio ziwe Februari au Machi, korosho zikiwa zimeshauzwa na hakuna mavuno ya kukanyagwa. Baiskeli za kawaida zipewe kundi lake, zisishindanishwe na za gia. Wasichana wapate zawadi ileile. Njia ikiingia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kibali kiombwe mapema na mikoko isiguswe.

Helmeti na gari la wagonjwa viwepo, hapo hatuna utani. Mtu akivunjika mguu bondeni na mvua inapiga, bodaboda haimfikii.

Na jamani, tarehe isigongane na Simba na Yanga. Mtabaki porini na refa peke yake.