Chumba cha Fahari Melini: Je, Chastahili Bei Yake?

Katika miezi ya kaskazi, msafiri anayengoja feri pale Likoni huweza kuambiwa angoje zaidi, kwani kuna meli inaingia Kilindini na feri haina budi kuipisha. Aghlabu huwa ni meli ya makontena, na watu huipa mgongo wakaendelea na mazungumzo yao. Lakini mara nyingine huwa ni meli nyeupe ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa, na kule juu kabisa pana roshani za vioo zenye watu wamekaa juu ya viti wakinywa chai. Wao hutupungia mkono nasi tukawapungia. Kisha meli hupita, feri ikang'oa, na umati ule wa watu, ambao kwa siku moja hupata laki tatu na zaidi, ukaendelea na riziki zake. Mwenye kwenda kwa miguu halipi hata senti.

Je, yule aliyekaa kwenye roshani amelipa nini, na hasa amenunua nini?

Swali hili sikulizua mimi. Nililetewa na mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu aliyefanya kazi ya ukuli bandarini Kilindini kwa zaidi ya miaka 30. Amepakia na kupakua meli zisizo idadi, wala hajapata kulala hata usiku mmoja ndani ya meli. Watoto wake wanaofanya kazi Ughaibuni wametaka kumpa zawadi, yeye na mkewe: safari ya siku 10 baharini, tena katika chumba cha daraja la juu kabisa, kile kinachoitwa swiiti. Mzee alinijia na karatasi za bei mkononi, akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa kalamu. Hebu nipigie hesabu, nisije nikawala watoto wangu bure."

Nami nikamjibu, "Ami, hesabu hii si yako peke yako. Niache niifanye mbele ya watu."

Madaraja ya abiria hayakuanza leo. Wazee wetu wanazikumbuka Kampala na Karanja, meli mbili za kampuni ya British India zilizoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, zikienda baina ya Bombay, Mombasa na Durban. Ndani yake mlikuwa na daraja la kwanza na la pili lenye vyumba, na chini yake abiria wa deki waliotandika majamvi na matandiko yao. Karanja iliacha njia hiyo mwaka 1976. Katika miaka ya 1990 Mombasa ilikuwa makao ya meli ndogo ya watalii, Royal Star, iliyokwenda Zanzibar na Shelisheli. Siku hizi meli nyingi za namna hiyo hupita tu: huingia, hukaa siku moja au mbili, zikaondoka. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayetaka kusafiri nazo yampasa kwanza apande ndege aende zinakoanzia, na huenda akahitaji viza pia. Hiyo ni gharama ya mwanzo, na haimo katika karatasi aliyoletewa mzee wetu.

Sasa tuingie ndani. Meli ya watalii ina vyumba vya aina nne. Kuna chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Kuna chenye dirisha la kioo lisilofunguka. Kuna chenye roshani yake. Na kuna swiiti, ambayo ina sebule, chumba cha kulala, hamamu kubwa na roshani pana. Mwenye swiiti huingia melini kabla ya wengine. Ana mtumishi wake, ana mahali pake pa kulia chakula, na pale meli inapotia nanga mbali na gati, yeye hushuka katika mashua za mwanzo. Katika meli nyingi vinywaji na intaneti vimo katika bei yake.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu, kwa kuwa bei hubadilika kwa msimu na kwa kampuni. Tuseme kwa siku 10 chumba cha ndani ni dola 1,500 kwa kila mtu, chenye roshani dola 2,300, na swiiti dola 6,000. Bei hizi huandikwa kwa mtu mmoja aliye na mwenzake chumbani. Aendaye peke yake huweza kutozwa karibu maradufu. Kwa mzee na mkewe itakuwa dola 3,000, au 4,600, au 12,000. Tofauti ya cha chini na cha juu ni dola 9,000. Tukihesabu dola kwa shilingi 130, hizo ni shilingi 1,170,000, yaani shilingi 117,000 kila usiku. Na bado kuna bakshishi ya watumishi, ambayo makampuni mengi huiongeza yenyewe katika hesabu, takriban dola 16 hadi 25 kwa mtu kwa siku.

Mawakala husema kwamba tofauti hiyo hurudi kwa njia ya vitu vya bure. Tuvipime basi. Tuseme watu wawili wanywao ulevi, wakajinunulia vinywaji, vyakula vya mikahawa maalumu na intaneti, watatumia dola 150 kwa siku. Kwa siku 10 ni dola 1,500. Hata kwao, dola 7,500 hazijapata maelezo. Ama Muislamu asiyeonja kileo, hesabu yake ni mbaya zaidi. Chai, maji na chakula cha kawaida vimo katika bei ya kila chumba. Huenda vitu atakavyovitumia kweli visifike dola 60 kwa siku. Fedha zilizobaki amelipia pombe ya watu wengine, ilhali yeye mwenyewe hata glasi haigusi.

Na kuna neno ambalo wakala halisemi, lakini baharia yeyote wa kwetu alijua. Chombo kikienda mrama, mahali palipo patulivu ni chini na katikati. Swiiti nyingi ziko juu, na baadhi yake ziko omo au tezi kabisa, mahali panaponyanyuka na kushuka kuliko pote. Wazee walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye kulipa zaidi huenda ndiye atakayetapika zaidi.

Hata hivyo, insafu yatutaka tuutazame na upande wa pili. Si kweli kwamba chumba kikubwa ni kiburi kitupu. Februari mwaka 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama, Japani, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Ilikuwa na watu 3,711, na 712 kati yao waliambukizwa. Abiria walifungiwa vyumbani kwa siku nyingi. Aliyekuwa na roshani alivuta hewa na kuliona jua. Aliyekuwa katika chumba cha ndani alikaa baina ya kuta nne. Siku zile roshani ilikuwa na thamani isiyoandikwa katika karatasi.

Kadhalika kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, kama alivyo mke wa mzee wetu, mtumishi wa kumletea chakula na nafasi ya kupita na mkongojo ni rehema. Na kwa mwanamke wa Kiislamu, roshani yake mwenyewe ni sitara: aweza kukaa akapunga upepo bila ya kwenda kwenye vidimbwi vya kuogelea ambako watu wako nusu uchi. Mkeka wa kusalia nao wapata pahala pa wasaa, ingawa mkeka mmoja huenea hata katika chumba kidogo. Lakini angalia, msomaji: karibu yote haya hupatikana katika chumba cha kawaida chenye roshani. Si lazima yawe ya swiiti.

Je, usalama? Zamani daraja lilinunua uhai. Titanic ilipozama mwaka 1912, katika abiria wa daraja la kwanza waliokoka kiasi cha 6 katika kila 10. Katika daraja la tatu waliokoka kiasi cha robo tu. Ndipo mwaka 1914 ukaandikwa mkataba wa mataifa juu ya usalama wa baharini, na tangu hapo sheria imetaka kila aliye melini awe na nafasi yake ya kuokolewa. Leo wa swiiti na wa chumba cha ndani huhudhuria mazoezi yale yale ya hatari. Sisi wa bara ya kusini hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Walikuwa wakienda kazini. Usalama ni haki ya kila mvukaji, awe amelipa au hakulipa, na mahali unapokuwa bidhaa ya mwenye nacho, watu hufa.

Kama meli ni moja, bahari ni moja, saa ya kufika ni moja na usalama ni mmoja, basi swiiti yauza nini? Mimi naona yauza umbali: umbali na foleni, umbali na kelele, umbali na watu wengine. Tunalo jambo kama hilo hapa kwetu. Tangu Januari 2024 nauli ya treni ya Madaraka kutoka Miritini hadi Nairobi ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Mabehewa yote huvutwa na kichwa kimoja na hufika dakika moja. Anayelipa mara tatu hakununua safari tatu. Amenunua kiti cha wasaa na jirani wachache. Si haramu kukinunua, mradi ajue alichokinunua.

Umbali huo hutugusa na sisi tulio nchi kavu. Mwenye swiiti ambaye kila kitu chake kimo katika bei, amemaliza kulipa kabla hajaiona Ngome ya Yesu. Bandari hupata ushuru wake, na madereva wa mabasi ya watalii hupata siku yao. Lakini mwuza madafu na mwenye tuktuk nje ya lango huona vioo vyeusi vikipita. Fikiri lau robo tu ya zile dola 9,000 ingeshuka ngazi ya meli pamoja na mwenyewe. Pale Changamwe wako wachonga vinyago wa ushirika wa Akamba. Pale Bombolulu, upande wa Kisauni, tangu mwaka 1969 walemavu hufanya kazi za mikono na kula jasho lao. Kikapu kimoja kilichonunuliwa hapo ni chakula cha nyumba.

Na tuwakumbuke wale walio upande wa pili wa mlango wa swiiti. Vijana wa Likoni na Kisauni wanazitamani kazi za melini, na wako waliozipata. Mwaka 2016 meli ya Seven Seas Explorer ilipoanza safari zake, swiiti yake kubwa ilitangazwa kwa takriban dola 10,000 kwa usiku mmoja. Kuanzia Januari 2023 kima cha chini cha mshahara wa baharia stadi kilichokubaliwa katika Shirika la Kazi la Kimataifa kilikuwa dola 658 kwa mwezi. Usiku mmoja wa huyu ni miezi 15 ya yule. Sisemi kwamba mwenye mali amedhulumu kwa kulala. Nasema kipimo hicho kijulikane.

Dini yetu haikukataza mtu kustarehe kwa chumo lake la halali. Imekataza ncha mbili: ubadhirifu na ubahili, ikatutaka tushike njia ya katikati. Asiyehiji hali ana uwezo, swiiti yake ya kwanza ni hema la Mina. Mzee wetu na mkewe wamekwisha kuhiji, alhamdulillahi, na hawana deni la mtu. Kwa hiyo wao wako huru, nami nimempa hesabu yangu hivi: "Ami, ikubali zawadi ya watoto, kwani kuikataa ni kuwavunja moyo. Lakini waambie wakukatie chumba chenye roshani, katikati ya meli, karibu na lifti kwa ajili ya magoti ya mama. Waagize chakula cha halali mapema, kabla ya safari. Na ile tofauti ya dola 7,400, ambayo ni shilingi 962,000, watazame wenyewe wataiweka wapi."

Mzee alikunja karatasi zake akazitia mfukoni. Akaniambia kwamba anao wajukuu wawili wanaotaka kuingia chuo cha ubaharia, na ada haijapatikana. "Basi," akasema, "wacha mimi nilale katikati, nao wapate njia ya kwenda omo." Majibu ya watoto bado yangojwa. Kaskazi ijayo haiko mbali.