Samaki Msafishaji Hana Kazi Kitengela

Juma lililopita nilialikwa na chama cha wanafunzi wapenda sayansi katika shule moja ya upili mjini Kitengela. Mzazi mmoja alikuwa ameizawadi shule hiyo tangi la kioo la lita 300, nao wanafunzi walikuwa wamekata shauri kwamba halitatiwa samaki wa maji baridi, bali wa bahari. Ubaoni palikuwa na orodha ya samaki waliotakiwa. Wa kwanza alikuwa yule samaki mwembamba wa rangi ya buluu, mwenye mstari mweusi unaoanzia mdomoni na kupanuka hadi mkiani, ajulikanaye kama samaki msafishaji. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa sababu mbili za kumchagua: "Anapendeza. Atasafisha tangi."

Sababu ya kwanza siwezi kuipinga. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana ni kosa ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulifanya, na aliyelipa gharama yake hakuwa mimi.

Samaki huyu ni wa ukoo wa labridi, wenye aina zaidi ya 500 duniani. Ni jamaa wa karibu wa pono, tena wataalamu wengi siku hizi humhesabu pono mwenyewe kuwa mmoja wao. Katika ukoo huo mna wadogo wasiozidi kidole, na mna yule mkubwa mwenye nundu kichwani ambaye huweza kupita urefu wa mita mbili, na ambaye biashara yake ya kimataifa iliwekewa masharti ya mkataba wa CITES mwaka 2004. Kwa rangi, sidhani kama kuna ukoo wa samaki uwezao kushindana nao. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza aina mpya iliyopatikana Zanzibar, kwenye miamba iliyo zaidi ya mita 50 chini ya maji, wakaipa jina la Wakanda, nchi ile ya kubuniwa ya sinemani. Zambarau ya magamba yake ilidumu hata baada ya samaki kuhifadhiwa kwa dawa, ilhali samaki wengi wakihifadhiwa hivyo hupauka.

Basi sishangai kwamba kijana wa Kitengela anawatamani. Kizuri chajiuza. Lakini msafishaji hasafishi kioo, wala mchanga, wala ukoga wa kijani. Husafisha samaki wenzake. Katika mwamba wa matumbawe huwa na kituo chake maalumu, na chewa, changu na kangaja humwendea hapo wakatulia kama wagonjwa kwenye zahanati. Chewa humpanulia kinywa, naye akaingia na kutoka salama. Mkunga, mwenye meno ambayo kila mvuvi huyaogopa, humwacha apite katikati ya mashavu. Anachokitafuta ni vimelea, vidudu vidogo kama kupe vinavyonyonya damu ya samaki. Mtafiti Alexandra Grutter alipima kazi hiyo katika miamba ya Australia, akaona kwamba msafishaji mmoja hula takriban vimelea 1,200 kwa siku.

Nawaomba walimu wa hisabati na wa baiolojia wasimame hapo kidogo. Vimelea 1,200 kwa siku vitatoka wapi katika tangi la lita 300 lenye samaki wanne au watano? Wateja wachache kama hao wakisafishwa asubuhi, kufikia jioni hapana kazi tena. Msafishaji mwenye njaa hugeukia ute unaofunika ngozi za wenzake, chakula ambacho, kama majaribio yalivyoonyesha, hukipenda hata kuliko vimelea, ila mwambani hujizuia kwa kuhofia kuwapoteza wateja. Ndani ya kioo wateja hawana pa kukimbilia.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha karibu na Kajiado mjini, nilinunua msafishaji katika duka moja. Muuzaji alinihakikishia kwamba samaki huyo hajitaabishi na chakula, kwamba "atajitafutia". Wiki ya kwanza wanafunzi walijaa mbele ya tangi kana kwamba pana sinema. Wiki ya tatu samaki wengine walikuwa wamejificha mawe kutwa nzima, mapezi yao yamechanika. Wiki ya sita msafishaji alikuwa na tumbo lililobonyea kama jani kavu. Nilimpa uduvi uliosagwa, akautema. Akafa siku ya Jumapili, na Jumatatu nikalazimika kulieleza darasa. Mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani hukujua anakula nini?" Sikuwa na jibu la heshima.

Hapana budi kusema pia kwamba wapo wasafishaji waliofunzwa na mabingwa kula chakula cha dukani, wakaishi miaka. Hao ni wachache, na mwalimu aliye na vipindi 27 kwa wiki si bingwa wa kumbembeleza samaki mara sita kwa siku.

Isitoshe, kumtoa msafishaji mwambani si sawa na kumtoa samaki mmoja katika kundi la maelfu. Hukaa katika familia ya dume mmoja na majike kadhaa. Mwaka 1972 mtafiti Robertson alieleza kwamba dume akiondolewa, jike mkubwa kuliko wote huanza kujifanya dume baada ya saa chache tu, na baada ya wiki mbili hivi huwa dume kamili. Kwa hiyo familia huweza kujirekebisha dume anapotwaliwa. Zahanati yenyewe ikifungwa ni jambo jingine. Huko Australia waliwahi kuwaondoa wasafishaji wote katika miamba fulani kwa zaidi ya miaka minane, na idadi ya samaki wengine pamoja na aina zao ikapungua. Nasi hapa Kenya, ambako samaki wa mapambo huvuliwa na wapiga mbizi kwa nyavu ndogo za mkono na kupelekwa ng'ambo kwa ndege, msafishaji ni miongoni mwa wanaotafutwa sana. Siwalaumu vijana wa pwani wanaojipatia riziki kwa kazi hiyo halali. Swali langu ni la mnunuzi.

Mwalimu mmoja aliyekuwapo siku hiyo alinijibu kwa ukali kidogo, na hoja yake ina uzito. Alisema watoto wa Kajiado wamezaliwa penye ng'ombe na vumbi, na wengi wao watamaliza shule bila kuiona bahari. Je, nao wanyimwe hata dirisha dogo la kioo? Hapana, wasinyimwe. Ijapokuwa tangu 2017 treni ya SGR inayokwenda Mombasa husimama Athi River, pua na mdomo na Kitengela, nauli ya darasa zima si jambo la kuamuliwa kwa siku moja. Tangi na liwepo. Lakini dirisha linaloonyesha samaki akifa kwa njaa linafundisha nini?

Hapo ndipo kijana mmoja aliponipa swali bora kuliko yote ya siku ile. "Mwalimu, maji ya visima vyetu tayari yana chumvi. Kwa nini tusiyatumie hayo?" Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Kila aishiye Kitengela ameonja maji hayo katika chai. Lakini chumvi si kitu kimoja. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, nyingi zikiwa chumvi ya kawaida ya mezani, pamoja na magnesi, salfeti na kalsiamu kwa uwiano usiobadilikabadilika. Maji ya visima vyetu yana chumvi kidogo sana kuliko hayo, tena ya namna nyingine, na mengi yana floraidi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto wetu madoa ya kahawia. Na ukitaka kuona chumvi isiyo ya bahari ikifikia kilele chake, nenda Ziwa Magadi, ndani ya Kajiado hiihii, ambako kilichojaa ni magadi, na maji yake ni makali kiasi kwamba karibu hapana samaki awezaye kuyastahimili. Yupo mmoja tu, tilapia mdogo wa Magadi, aishiye katika chemchemi za moto zinazokaribia nyuzi 40, na ambaye mwili wake hutoa taka kwa njia ya urea badala ya amonia kama wafanyavyo samaki wengi. Huyo akitiwa baharini atataabika, na labridi akitiwa Magadi atakufa papo hapo. Kila mmoja amefinyangwa na maji yake.

Kwa hiyo anayetaka labridi Kitengela aanze na maji, wala asianze na samaki. Maji ya kisima yachujwe kwa mashine ya utando hadi yabaki bila madini, ndipo yatiwe chumvi maalumu ya matangi ya bahari. Tangi la lita 300 litataka kilo kumi na nusu za chumvi hiyo kwa mara ya kwanza. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, utahitaji lita 30 na zaidi ya kilo moja ya chumvi, wiki baada ya wiki, likizo ikiwamo. Katika mji ambao watu hununua maji kwa mitungi, na katika kaunti iliyopoteza mifugo isiyo na idadi katika ukame wa 2020 hadi 2023, hesabu hiyo iletwe mezani mbele ya mwalimu mkuu kabla ya senti moja kutumika. Mimi naamini lita 30 zinaweza kutetewa, maadamu samaki anaishi.

Kisha kuna kungoja. Mawe na mchanga vitiwe, pampu izunguke, na kwa wiki nne hadi sita pasiwe na samaki hata mmoja, mpaka bakteria wazaliane wa kugeuza amonia iwe nitriti, na nitriti iwe nitrati. Wanafunzi wapime kila siku na kuchora grafu. Nathubutu kusema wiki hizo sita zina kemia nyingi kuliko muhula mzima wa kunakili ubaoni. Kifaa cha kupasha maji joto kisisahauliwe, kwani usiku wa Julai hapa kwetu si usiku wa Shimoni, na joto linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 24 na 27. Pia pampu ya hewa itumiayo betri, kwa sababu ambayo kila mteja wa umeme anaijua.

Nikiulizwa ni labridi gani basi, namtaja yule mdogo wa mistari sita, mwenye mwili wa rangi ya chungwa na zambarau uliopigwa mistari ya buluu. Yupo katika miamba yetu ya Afrika Mashariki, hazidi sentimita kumi, hula vidudu na uduvi, na hukubali chakula cha kugandishwa bila maringo mengi. Ana ila moja kubwa: ni mchokozi. Awe mmoja tu, na awe wa mwisho kuingia, asije akajiona mwenye nyumba. Mwingine ni labridi mwenye kichwa cha manjano na mwili wa rangi ya damu ya mzee, mpole zaidi, ila huyo hulala ndani ya mchanga na hivyo anahitaji mchanga laini wa kina cha sentimita tano au zaidi. Siku za kwanza huenda akajifukia asionekane kabisa. Asifukuliwe! Tangi lifunikwe kwa wavu, maana labridi wengi huruka, na asubuhi hupatikana sakafuni.

Wajihadhari na yule mtoto mwekundu mwenye mabaka meupe, ambaye dukani ana urefu wa kidole gumba na hupendwa kuliko wote. Aina moja ya hao hukua hadi sentimita 60 na kupindua mawe akitafuta kaa.

Na kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe muuzaji amlishe samaki mbele yake. Asipokula, arudi nyumbani mikono mitupu. Nawasihi wenye maduka nao waandike kando ya kila tangi samaki huyo hula nini na hufikia ukubwa gani. Kuandika hivyo hakuna gharama.

Chama kile cha sayansi kimekubali kuanza na maji, mawe na mchanga muhula huu. Barua ya kuuliza bei ya mashine ya kuchujia maji imekwisha kuandikwa, na wanafunzi wawili wamepewa zamu ya kushika daftari la vipimo wakati wa likizo. Jina la msafishaji bado lilikuwa ubaoni nilipoaga. Mtu alikuwa ameikata ile sababu ya pili, na pembeni yake ameweka alama ya kuuliza.